Kati ya Kitanda cha Mgonjwa na Mlango wa Maabara

Fomu ilirudi ikiwa imekunjwa mara mbili, na mahali pa majibu hapakuwa na majibu. Palikuwa na muhuri mwekundu: SAMPULI HAIFAI. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa mkono, herufi ndogo nadhifu: barafu imeyeyuka, kopo limevuja, jina halisomeki.

Jina hilo lilikuwa la mtoto wa miaka 3 aliyeletwa kituoni kwetu siku ya 9 tangu mguu wake wa kushoto ulegee. Alilala na homa, akaamka hawezi kusimama. Mtoto akilegea ghafla namna hiyo ni lazima polio itafutwe, hata kama daktari anahisi ni jambo jingine, na inatafutwa kwenye choo chake, yaani kinyesi. Zinahitajika sampuli 2 zinazopishana kwa angalau saa 24, zote ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, kila moja kama gramu 8, yaani ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Baada ya siku hizo kirusi kinaweza kuendelea kutoka, lakini kinapungua na hutoka leo kesho kisionekane. Ukikikosa wakati huo, huwezi kusema kama hakikuwepo au umekikuta kimeshaondoka.

Mama wa mtoto yule alikuwa makini kuliko mimi. Nilimpa kopo la kwanza jioni, na asubuhi alinisubiri mlangoni kabla sijavaa koti, kopo ameliviringisha kwenye kitambaa safi. La pili akalileta siku iliyofuata, Ijumaa, siku ya 11. Kwa upande wake kila kitu kilikuwa kimekamilika. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu.

Nilikaza vifuniko jinsi mtu anavyokaza chupa ya maji ya kunywa. Makopo yote mawili niliyatia kwenye mfuko mmoja wa nailoni pamoja na fomu. Nikaweka vifuko 2 vya barafu vilivyoingia kwenye friza asubuhi ile ile, nikafunga kasha, nikalikabidhi. Sikumpigia mtu yeyote simu. Kasha lilifika maabara ya rufaa Jumamosi usiku, mapokezi ya sampuli yamefungwa. Mlinzi alilipokea kwa nia njema akaliweka pembeni ya mlango, likafunguliwa Jumatatu asubuhi. Fomu iliponifikia mkononi ilikuwa Jumatano, siku ya 16.

Mtoto ambaye sampuli zake hazikufaa hufanyiwa uchunguzi mwingine siku 60 baada ya ulegevu kuanza, ili ionekane kama udhaifu umebaki, kisha jopo la wataalamu hukaa na kumbukumbu zake na kuamua. Niliomba niwepo siku hiyo. Mtoto alitembea kutoka mlangoni hadi kitandani, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Mama yake aliniuliza, bila hasira hata kidogo, "Daktari, kile choo nilicholeta kilisema nini?" Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, lakini siku ile sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Nikamweleza yaliyotokea. Alinyamaza, akamvuta mwanawe karibu, akasema, "Kwa hiyo hamtajua." Nikamwambia hatutajua, mama.

Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku ile, na ninayoandika hapa yametoka kwenye lile swali.

Mkuu wangu wa kazi hakunifokea. Alinipeleka nikakae wiki 2 kwenye meza ya mapokezi ya maabara ya rufaa, pale pale makasha yanapofunguliwa. Meza hiyo ilishikwa na mama mmoja aliyekaribia kustaafu, na ndiye aliyenitoa tongotongo. Kila kasha lilipofika, kabla ya kugusa kitu, alisoma kipimajoto kilichokuwa ndani na kuandika saa. Kisha alitoa tyubu moja moja, akaiinua kwenye mwanga, akailinganisha na fomu: jina, namba, tarehe na saa ya kuchukuliwa, aina ya sampuli, tarehe dalili zilipoanza.

Nilidhani kwamba yeye ni karani wa mapokezi. Siku ya pili nikaona kwamba pale mezani ndipo wagonjwa wengi wanapopotezwa au kuokolewa. Zilikuja tyubu mbili zenye jina la mtu mmoja na fomu moja yenye jina la mwingine. Ikaja damu kwenye chupa ya kifuniko cha kijani, yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, wakati kipimo kilichoombwa ni cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi, na heparini inakizuia kipimo hicho kufanya kazi. Ikaja damu nyingine ambayo chembe zake zilikuwa zimepasuka, plazima, yaani maji ya damu, imekuwa nyekundu kama juisi. Zikaja swabu, yaani vijiti vya kuchukulia ute, za pamba zenye kijiti cha mti, ambazo hazifai kwa virusi kwa sababu mti na pamba vinaweza kuwa na vitu vinavyodhuru kirusi au kuzuia kipimo. Zinazofaa ni za nyuzi za sanisia, kama nailoni au poliesta, zenye kijiti cha plastiki. Ikaja pia tyubu ya kimiminika cha kusafirishia virusi ambacho kilipaswa kuwa na wekundu wa waridi, nacho kilikuwa njano. Rangi ile imetiwa makusudi ili itoe taarifa. Ikigeuka njano, kimiminika kimekuwa na asidi, na mara nyingi maana yake ni kwamba bakteria wamezaliana humo.

Jioni moja nilimuuliza kwa nini asizipime tu hizo mbovu, pengine jibu likapatikana. Aliweka kalamu chini.

"Mwanangu," alisema, "mashine haimjui mgonjwa. Inajua kilichomo kwenye tyubu basi. Nikiipa tyubu mbovu itaniambia hakuna kirusi, na daktari kule wodini atasoma kwamba mgonjwa hana ugonjwa. Hayo ni maneno mawili tofauti."

Tangu siku hiyo nikisoma jibu lisemalo kirusi hakikuonekana, swali langu la kwanza ni kuhusu safari: ilichukuliwa lini, na nani, kutoka wapi, imekaa wapi, kwa saa ngapi. Jibu la kuwepo kwa kirusi linajitetea lenyewe mara nyingi, ilmradi jina ni sahihi na sampuli haijachanganyika na nyingine. Jibu la kutokuwepo linahitaji shahidi, na shahidi wake ni zile karatasi ambazo wengi tunazijaza tukiwa tumechoka.

Nianze na pua, maana hapo ndipo nilipowaona watu wengi wakikosea huku wakiamini wamefanya vizuri.

Virusi vya njia ya hewa huishi ndani ya seli. Ute peke yake hautoshi, unahitaji seli zilizobanduka kwenye ukuta wa koromeo nyuma ya pua. Vipimo vingi vya PCR vya sampuli hizi hutafuta, pamoja na kirusi, jeni ya binadamu. Jeni hiyo isipoonekana, maabara inajua kwamba kuna kasoro: pengine swabu haikugusa mtu inavyotakiwa, au kipimo chenyewe kimezuiwa. Mara ya kwanza kuonyeshwa matokeo ya namna hiyo yaliyotoka kituoni kwetu nilishikwa na aibu. Tyubu 4, za watu 4, na ndani yake karibu hapakuwa na mtu. Aliyezichukua aliingiza kijiti kwa upana wa ukucha, akakizungusha kwenye tundu la pua, akatoa. Wagonjwa walimshukuru kwa kuwa hakuwaumiza.

Sasa ninafanya hivi. Mgonjwa anakaa, kichwa kimeegemea nyuma kidogo, na kuna kitu cha kukizuia kisirudi nyuma zaidi, kwa sababu kila mtu hurudi nyuma. Napanga swabu kwa macho nje ya uso wake, kutoka tundu la pua hadi tundu la sikio, na umbali huo ndio napaswa kuukaribia. Naingiza kijiti kikiwa sambamba na paa la kinywa, kuelekea usawa wa sikio. Watu wengi hukielekeza juu, upande wa macho, kwa sababu pua yenyewe inaonekana kwenda juu, lakini njia ya ndani imelala. Kikigota mapema silazimishi. Nakitoa na kujaribu tundu la pili, kwani wengi wana ukuta wa pua uliopinda. Kikifika kinagusa kitu laini chenye ukinzani, kama kusukuma godoro kwa ncha ya kidole. Hapo nakizungusha taratibu, nakiacha sekunde chache kinyonye, nakitoa polepole huku nikiendelea kuzungusha.

Namkumbuka mzee mmoja aliyekataa kabisa, kwa sababu mara ya kwanza mtu alimshika kichwa bila kumwambia neno. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikamwonyesha swabu, nikamweleza itafika wapi. "Mzee, macho yatatoa machozi, na utataka kupiga chafya. Hesabu pamoja nami hadi 10, ukifika 10 nimeshatoa." Tulihesabu wote wawili. Alifika 7 machozi yakimtiririka, akaendelea kuhesabu hadi 10 swabu ikiwa imeshaingia kwenye tyubu. Sampuli ile ilikuwa nzuri kwa sababu alitulia, na alitulia kwa sababu aliambiwa. Sijui ustadi wa mkono unaoweza kuchukua nafasi ya maneno hayo machache.

Kwenye koo ni rahisi zaidi, ila ulimi ukae mbali. Sugua ukuta wa nyuma na mafindofindo pande zote mbili, na swabu isiguse ulimi wala meno. Kisha vunja kijiti pale palipowekwa alama, ili kifuniko kikae sawasawa. Nimeona vifuniko vilivyolazimishwa juu ya kijiti kirefu, na njiani kimiminika chote kikaishia kwenye mfuko.

Wakati una uzito sawa na ufundi. Kwa mafua makali, siku 3 au 4 za mwanzo ndizo zenye kirusi kingi. Surua ilinifunza subira, kwa sababu damu inayochukuliwa ndani ya siku 3 za mwanzo wa upele inaweza isionyeshe kingamwili za IgM, zile zinazotangulia kutokea, ingawa mtoto ana surua kweli, ilhali swabu ya koo katika siku hizo hizo ndiyo yenye nafasi nzuri ya kukikamata kirusi chenyewe. Ebola nayo, damu ikichukuliwa kabla siku 3 hazijapita tangu dalili zianze, jibu la kutokuwepo halimwachilii mtu, anachukuliwa tena. Ndiyo maana tarehe ya kuanza dalili kwenye fomu ni sehemu ya kipimo. Bila hiyo, aliye maabara anasoma saa isiyo na mishale.

Damu ya kupimia wingi wa virusi vya UKIMWI tuliichukua kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande. Iligeuzwa taratibu mara 8 hadi 10 ili dawa ichanganyike, kamwe haikutikiswa, na plazima ilitenganishwa kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha damu kwa kasi, ndani ya saa 24 kwa mashine tuliyokuwa nayo. Kosa letu kubwa lilikuwa la wema. Siku moja umeme ulipokatika na sentrifuji ikasimama, mwenzetu aliona damu itaharibika, akaiweka damu nzima kwenye friza. Damu nzima ikiganda chembe zake hupasuka, na ikiyeyuka hakuna plazima ya kutenganisha. Watu 11 waliitwa warudi kuchomwa sindano upya. Wawili hawakurudi mwezi ule.

Kwa walio mbali na sentrifuji, tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi maalumu ya chujio limeokoa safari nyingi, hasa kwa watoto wachanga wanaochomwa kisigino wakiwa na umri wa wiki 4 hadi 6. Karatasi hiyo haihitaji barafu. Inahitaji uvumilivu: damu ijaze duara lote lililochorwa, ipenye hadi upande wa pili, ilazwe mahali penye hewa kwa saa 3 au 4 au usiku kucha, pasipo jua wala feni inayopuliza vumbi. Niliwahi kumkuta muuguzi amezianika dirishani juani ili zikauke upesi awahi gari. Nikamsaidia kuzihamisha na hatukusema mengi. Zikikauka zinatenganishwa kwa karatasi nyembamba zisigusane, zinatiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu na kadi ndogo inayobadilika rangi. Kadi ikibadilika kutoka buluu kuwa waridi, unyevu umeingia na vile vifuko vibadilishwe.

Barafu nayo ina elimu yake. Kwa swabu nyingi za virusi sheria ni nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ziwe zimefika ndani ya saa 72. Zikizidi hapo, zigandishwe nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Watu huuliza kwa nini friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri isitumike, maana baridi ni baridi. Maji yakiganda polepole hutengeneza fuwele kubwa, nazo huchana ile ngozi ya mafuta inayozunguka baadhi ya virusi. Friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe hupanda na kushuka joto, kwa hiyo sampuli inaganda na kuyeyuka mara kadhaa bila mtu kujua. Anayetaka kukuza kirusi kikiwa hai ameshakipoteza. Kwa PCR hali si mbaya kiasi hicho, lakini RNA, vinasaba vya virusi vingi, nayo huvunjika kila sampuli inapoyeyuka. Vifuko vya barafu viingie kwenye friza siku moja kabla. Vile vyangu vya Ijumaa vilikuwa baridi nje, ndani bado maji.

Kisha kufunga. Sasa nafunga matabaka matatu, na huwa sizungumzi na mtu ninapofunga. Tyubu yenye sampuli, kifuniko kimekazwa na kuzungushiwa parafilamu, utepe laini unaonata na kuziba. Inaviringishwa kwa kitu cha kunyonya kinachotosha kunyonya kila tone lililomo endapo itapasuka. Inaingia kwenye chombo cha pili kisichovuja. Chombo hicho kinaingia kwenye kasha gumu la nje, na barafu inakaa nje ya chombo cha pili, ndani ya kasha. Fomu inakaa kwenye mfuko wake mkavu, kati ya tabaka la pili na la tatu, isiguse sampuli kamwe. Katika sheria za usafirishaji, sampuli za kawaida za wagonjwa ni daraja B, na zenye hatari kubwa ni daraja A. Kwa daraja B kasha linaandikwa UN3373 ndani ya alama ya almasi, na kifurushi kamili lazima kistahimili kuangushwa kutoka mita 1.2. Damu ya mgonjwa anayeshukiwa Ebola ni daraja A, UN2814, na vifungashio vyake hujaribiwa kwa kuangushwa kutoka mita 9. Nilipoisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza nilijaribu kuiwazia: moja ni kimo cha meza na zaidi kidogo, nyingine ni ghorofa ya tatu.

Huwa nawasimulia wanafunzi wangu safari ya chupa moja ya chai. Mwaka 1976, mwezi wa Septemba, damu ya mtawa Mbelgiji aliyeugua Zaire, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, ilisafirishwa kutoka Kinshasa hadi Antwerp, Ubelgiji, kwenye ndege ya abiria, ndani ya chupa ya chai ya rangi ya buluu, kwenye mzigo wa mkononi. Ilipofunguliwa katika Taasisi ya Tiba za Kitropiki, tyubu moja ilikuwa imevunjika na damu imechanganyika na maji ya barafu iliyoyeyuka. Waliokuwa mezani, akiwemo Peter Piot, wakati huo daktari kijana, walikuwa wamevaa glavu basi. Kutoka kwenye tyubu iliyobaki nzima walikiona kirusi kirefu kama uzi, ambacho baadaye kilipewa jina la mto Ebola. Kilichotenganisha ugunduzi na kilio ni tyubu ndogo ya kioo ambayo kwa bahati haikupasuka. Siku hizi damu ya aina hiyo huchukuliwa kwenye tyubu za plastiki.

Barafu kavu iliwahi kututia hofu. Ina nyuzi karibu 78 chini ya sifuri na haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa ya kaboni dioksidi moja kwa moja. Kijana mmoja mgeni kazini, kwa bidii yake, aliitia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha na kukikaza kabisa ili baridi isitoke. Nilipoingia chumbani kifuniko kilikuwa kimevimba kama tumbo. Tulitoka sote, tukafunga mlango, na baada ya muda tukasikia kishindo. Hakuna aliyeumia. Tangu hapo kasha la barafu kavu kwetu lina njia ya hewa, na gari linaloibeba husafiri na dirisha wazi, kwa sababu hewa ile ikijaa ndani dereva huanza kuumwa kichwa na kusinzia.

Na dereva mwenyewe. Kwa muda mrefu tulimkabidhi kasha na kumwambia "wahi" bila la ziada. Siku moja aliniuliza kwa utaratibu, "Ndugu yangu, hivi huwa nabeba nini?" Alikuwa amebeba makasha yetu miaka 4. Nikakaa naye, nikamweleza yaliyomo na afanye nini likianguka na kupasuka: asiguse kwa mkono, awaweke watu mbali, avae glavu, afunike kwa kitu cha kunyonya, amwagie klorini ya asilimia 0.5 na asubiri kabla ya kufuta, kisha apige simu. Tukamwekea vifaa hivyo chini ya kiti. Wiki iliyofuata ndiye aliyenijia na wazo. Alikuwa amegundua kwamba pale tunapofunga kasha kwenye pikipiki, moshi wa ekzosi unalipasha joto upande mmoja. Akalihamishia mahali pengine, akalifunika kwa turubai jeupe. Tulipolinganisha kipimajoto, kasha lilikuwa likifika na baridi ambayo hatukuwahi kuipata kipindi cha joto. Tulikuwa na mwongozo wa kurasa nyingi kabatini, na hakuna ukurasa uliotaja ekzosi.

Majuzi aliletwa mtoto mwingine mwenye mguu uliolegea, siku ya 5. Msichana anayejifunza kazi kwetu ndiye aliyefunga kasha, mimi nikasimama nyuma yake mikono mfukoni. Alikaza vifuniko, akageuza kila kopo juu chini juu ya karatasi kavu, akasubiri, akaitazama karatasi. Kila kopo alilitia kwenye mfuko wake. Jina alikuwa ameliandika kwa kalamu ya risasi kwenye lebo, kwa sababu wino wa kawaida hukimbia na maji, na akaliandika tena kwenye fomu. Ilikuwa Jumatano, alikuwa ameuliza kwanza maabara hufunga lini. Kisha akapiga simu kutoa taarifa kwamba kasha limeondoka, na saa ya kulitarajia.

Kesho yake saa 5 asubuhi simu ya maabara iliita, akaipokea na kuiweka sauti ya wote tusikie.

"Kasha lenu liko mezani," alisema mtu wa upande wa pili. "Nyuzi 4. Barafu bado ngumu. Makopo 2, makavu nje. Nakusomea jina, unisahihishe nikikosea."

Akaanza kulisoma, herufi moja moja.